Garanti ya Mwaka Mmoja

Nafisa hakununua gari kwa kutaka makuu, na wanaosema hivyo pale sokoni Rumonge wafunge midomo yao. Alinunua kwa sababu figo za mumewe Ismaili, baba wa binti yao Nadia, zilikuwa zimekufa, na mashine ya kumsafishia damu iko Bujumbura. Kila Jumatatu na kila Alhamisi lazima afike. Akikosa siku moja, anavimba miguu na uso. Akikosa mbili, kila mtu nyumbani alijua kitakachotokea, ila hakuna aliyethubutu kukitaja. Mabasi yalikuwa yamepungua barabarani kwa shida ya esansi, yaani petroli. Basi Nafisa akauza shamba la michikichi alilorithi kwa baba yake, akaenda kwa muuza magari pamoja na shemeji yake Nuhu, ambaye ndiye angekuwa dereva.

Muuzaji aliitwa Modeste, mtu wa maneno matamu. Gari lenyewe halikuwa na neno. Kilichowaweka pale hadi adhuhuri ni nyongeza.

“Mama, pesa yako inatosha kitu kimoja,” alisema Modeste. “Nikufungie tanki ya pili, ujaze esansi mingi siku ikipatikana. Ao nikupe garanti ya mwaka mmoja: moteri, injini yenyewe, ikikufa, nakuwekea ingine bure. Lakini esansi ya bidoni, ile ya madumu ya barabarani, hapana. Ya stesheni tu, na risiti. Nikikuta uchafu mu tanki, garanti imeisha.”

Nuhu akamvuta Nafisa pembeni. “Shemeji, chukua tanki. Stesheni yetu uliona esansi lini? Sisi wote tunaishi na bidoni za ng'ambo ya ziwa.”

“Na moteri ikitufia njiani, Baba Nadia akiwa ndani?”

Nuhu akarudi kulitazama gari. Na wewe unayetikisa kichwa, ungechagua nini? Nafisa alichagua garanti, akatoka pale moyo umetulia kwa mara ya kwanza tangu mumewe augue.

Wiki za mwanzo stesheni ilipata esansi, mambo yakaenda. Nafisa alikuwa hawezi kuona bidoni karibu na lile gari bila kupiga kelele, mpaka Ismaili akamtania: “Mama Nadia, mume wako ni mimi ao ni hii gari?” Wakacheka wote wawili. Alikuwa bado na nguvu za kucheka.

Halafu stesheni ikakauka. Jumapili waliliingiza gari kwenye foleni, esansi iliyobaki haifiki hata Kabezi, njiani kwenda Bujumbura, na Jumatatu ikapita wakiwa palepale. Ismaili alikataa kurudi nyumbani. Alilala kiti cha nyuma, ili esansi ikipatikana waondoke bila kupoteza muda.

Jumanne Nuhu akaja na bidoni imejaa. “Shemeji, tutie hii, twende sasa hivi.”

Nafisa akaifungua, akanusa. Ilinuka mafuta ya taa.

“Hii itaua moteri, Nuhu. Leo tutafika. Na Alhamisi je? Na wiki ijayo?”

“Wiki ijayo tutaiona ikifika! Mutazame ndugu yangu, hata macho hayafunguki vizuri!”

“Lori ya esansi imepita Kabezi, watu wamepiga simu. Tusubiri kidogo.”

Yarabi, huyo mwanamke alimpenda mumewe! Hakutaka kumfikisha mara moja tu, alitaka kumfikisha kila wiki, mwaka mzima, na baada ya hapo aone. Nuhu akabeba bidoni yake akaondoka amenuna. Lori halikuja Jumanne, wala Jumatano.

Alhamisi mchana Ismaili alikuwa akivuta pumzi kwa taabu, kifua kinakoroma. Akamshika mkewe mkono.

“Mama Nadia, nimechoka kusubiri.”

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomvunja Nafisa. Akanyakua simu. “Nuhu, leta bidoni! Leta mbio, nakuomba!”

Nuhu alikuja akikimbia katikati ya magari, bidoni begani, jasho linamtiririka. Alipofika, Nafisa alikuwa amekwisha kumfumba mumewe macho. Watu wa foleni walisimama wamevua kofia. Wanaume wakajitolea kulisukuma gari hadi nyumbani.

“Musiliguse,” alisema Nafisa.

Akaichukua bidoni mikononi mwa Nuhu, akafungua tanki, akamimina mwenyewe mpaka tone la mwisho, esansi nyingine ikimlowesha miguu. Kisha akaingia kiti cha nyuma, akakiweka kichwa cha Ismaili mapajani.

Nuhu akawasha. Gari likakubali mara moja. Njia nzima Nafisa alitega sikio, akimwomba Mungu ile moteri ife kama alivyosema itakufa. Haikufa. Iliwafikisha mpaka mlangoni, haikukohoa hata kidogo.