Mkate Kwenye Bwawa la Zakaria

Asubuhi ya nne mfululizo sato walielea tumbo juu, nami nikashindwa kukaa. Nilikwenda ukingoni mwa bwawa, nikarudi kibarazani, nikaenda tena. Marehemu mwanangu Zakaria alituachia bwawa hilo moja tu. Mkewe, Inshirah, alishasema kwamba samaki wakiisha atawachukua wajukuu wangu arudi kwao Damanhur. Hakusema kwa ubaya. Alisema huku akinikata kucha za miguu.

Bi Nermin, daktari wa samaki, alimpasua mmoja juu ya gunia. Ini lilikuwa la njano.

"Sumu ya ukungu," alisema. "Imo kwenye chakula. Ikishawadhoofisha, vijidudu vinawamalizia. Ile nyongeza ya hamira na udongo, dawa ya kunasa sumu, unawachanganyia?"

"Kila siku, daktari. Wiki hii nimezidisha," alisema Inshirah.

"Na chakula hakijashika unyevu?"

"Shika mwenyewe. Kikavu kuliko mizaha ya mjomba wangu."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umekumbatia kipande cha mkate. Kwetu mkate hautupwi. Ukiukuta njiani unaubusu, unauweka juu ya ukuta. Masalio yetu na ya majirani niliyatia kapuni nyuma ya tanuri, na kila alfajiri niliwarushia samaki. Madoa ya kijani niliyaona. Niliyakwangua kwa kidole.

"Ni mimi," nikasema, nikautoa.

Daktari aliunusa. "Hajati, nyongeza inazuia sumu kidogo. Kapu zima hailiwezi."

Nilimtazama Inshirah. Hakushtuka.

"Ulijua?"

"Niliona makombo Jumanne."

"Na ukanyamaza?"

"Ningekuambiaje, mama, kwamba mkate wako unaua? Nikasema nizidishe dawa, labda itatosha."

"Kwa labda yako tumezika samaki siku mbili zaidi."

"Na kwa kapu lako tumezika siku zote nne." Alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

Mkate wote tuliufukia chini ya mtini. Niliubusu kwanza.

Kesho yake Inshirah alirusha chakula chenye dawa, lakini samaki hawakumjia. Walijazana upande wa pili, kwenye kona yangu, wakingoja. Na wasipokula, dawa haina kazi. Alizunguka bwawa, akanitia ndoo mkononi.

"Wamekuzoea wewe. Walishe."

"Mimi niliyewaua?"

"Wao hawajui. Rusha, mama, jua linapanda."

Nikarusha. Punje zilikaa juu ya maji muda mrefu mno. Ukatokea mdomo mmoja, ukazama. Kisha mingine mitatu.

Jumamosi alielea mmoja tu. Wiki iliyofuata hakuelea yeyote, na Inshirah akalipandisha begi lake la safari juu ya kabati, nyuma kabisa, mahali ambapo hafiki bila ngazi.

Mimi bado naamka kabla ya adhana na kuzunguka ukingo, nikihesabu migongo majini.