Vidole Sita vya Shivachi

Ukuta mzima wa ukumbi wa maonyesho kule Al Quoz, Uarabuni, ulimsifu Mhandisi Percival Thornby: alichimba dhahabu, akavumbua mito, akapiga picha. Mito yenyewe aliivumbua Kakamega, mbele ya akina mama waliokuwa wakichota maji bila kujua kuwa bado haijavumbuliwa. Isaiah Shivachi, mlinzi wa zamu ya mchana, alikuwa amesoma sifa hizo mpaka akamchukia marehemu kama jirani yake.

Kilichomkera zaidi ni picha ya tisa. Mwanamume miguu mitupu, sanduku la mhandisi kichwani, mguu wa kushoto una vidole sita. Chini yake pameandikwa: "Mpagazi asiyejulikana."

"Asiyejulikana na nani?" Isaiah alimuuliza Damaris, mwenzake wa mlangoni. "Huyo ndiye aliyemzaa babu yangu! Nilipozaliwa nililia siku tatu, nikanyamaza walipotaja jina lake, nikapewa. Na kidole chake cha sita ninacho mimi, kinabanwa na viatu vya kampuni kila siku."

"Si umwambie madam?"

Alikwisha kumwambia. Madam Maha, msimamizi wa maonyesho, alitaka nyaraka. Bila nyaraka, khalas, yamekwisha.

Siku ya ufunguzi, mgeni mmoja alisimama mbele ya picha ya tisa na juisi yake, akauliza mbona huyu hana jina. Damu ikamchemka Isaiah. Akavua kiatu, akavua soksi, akauweka mguu wa kushoto chini ya picha.

"Analo. Anaitwa Shivachi. Hesabuni!"

Wakahesabu. Kisha wakapiga makofi, maana walidhani ni sehemu ya maonyesho. Bibi mmoja aliinama akakipiga picha kidole cha sita peke yake.

Maha alikuja mbio amefura; aliposikia makofi, akatabasamu.

"Ajabu! Waandishi wa habari wanakuja saa kumi. Utarudia?"

Isaiah aliumia moyoni. Mzee alibebeshwa sanduku la mtu; yeye sasa anabebeshwa mguu wake mwenyewe. Akaanza kuvaa soksi.

"Jina likiandikwa, madam, nitavua. Lisipoandikwa, na mimi ni mlinzi asiyejulikana."

Saa kumi kasorobo Maha alipiga magoti chini ya picha ya tisa, kalamu mkononi.

"Yalla, haya, niandike nini?"

Isaiah akachomoa beji ya jina kifuani mwake, akampa.

"Hilo hilo."