Kisanduku Kilichokata Umeme Saa Nane

Tangu karakana ya redio ya shirika lake ifungwe na wafanyakazi wapunguzwe, Hanifu alifanya kazi peke yake katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mtaani Makole. Mkewe alikwisha kufariki, na binti yake Sabiha aliolewa Kondoa. Siku nyingine jua lilizama hajatamka neno ila salamu za dukani.

Aliyemkosa zaidi ni Sostenes. Miaka kumi na tisa walikaa meza moja, Hanifu akiunda chombo, Sostenes akitafuta namna ya kukiharibu ili kasoro zake zionekane. Atakianika juani, atakitia vumbi, atakidondosha makusudi. Waligombana kila wiki. Karakana ilipofungwa Sostenes alirudi kwao Mpwapwa kulima karanga, na barua mbili alizoandikiwa hazikujibiwa.

Mwezi wa kumi, Emilia, muuguzi wa zahanati moja upande wa Chamwino, alimwomba kifaa cha kulinda friji ya chanjo, maana umeme wa kule ulipanda na kushuka kama homa. Hanifu akaunda kisanduku cha kukata umeme ukizidi au ukipungua. Akakijaribu mezani asubuhi tatu mfululizo. Hakikukosea hata mara moja. Akaenda kukifunga, akarudi nyumbani ameridhika.

Wiki mbili baadaye Emilia alisimama mlangoni pake.

"Shikamoo, mzee Hanifu."

"Marahaba, sista. Habari za kazi?"

"Si nzuri. Jana mchana kisanduku kilikata umeme hakikurudisha. Nilikuwa kijijini kwenye kliniki. Niliporudi chanjo zote zimeharibika. Kina mama ishirini na wawili nimewarudisha na watoto wao mgongoni."

Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

Kesho yake Hanifu alikwenda na mita yake ya kupimia umeme, akakaa kwenye benchi la zahanati akipima kila nusu saa na kuandika. Asubuhi yote mambo yalikuwa sawa. Saa nane, jua likiwa limehamia ukuta uliofungwa kisanduku na bati likilia juu, kisanduku kikakata. Mita ilionyesha volti mia mbili na kumi na tano. Umeme haukuwa na kosa lolote. Alipogusa kisanduku, kilikuwa cha moto kama sufuria.

Hapo akaelewa. Kitufe cha kuzungusha cha kuwekea kiwango cha kukata umeme alikitoa kwenye redio kuukuu, nacho kikipata joto kiwango kilihama. Kule Makole alijaribu asubuhi tu, kwenye chumba chenye ubaridi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, "Kitoe nje, mzee, tukione."

Nyumbani alikitia kisanduku ndani ya sufuria kavu juu ya jiko la mkaa, akaweka kipimajoto pembeni, akaangalia namba za mita zikihama mbele ya macho yake. Akatoa kile kitufe, akatia rezista mpya, vipande vya kupunguza umeme ambavyo kiwango chake hakigeuzwi. Akajaribu tena, kitu kimoja kimoja, ili ajue kipi kimeponya. Mwisho akatoboa matundu ya hewa.

Alipokifunga upya kule zahanati, mbali na ukuta wa jua, alimgeukia Emilia.

"Sista, nakuomba ukiharibu."

"Mimi? Mimi ni muuguzi, fundi."

"Ndiyo maana. Fanya lolote ambalo mtu asiyejua angefanya."

Emilia alifikiri kidogo, akazima swichi ya ukutani na kuiwasha papo hapo. Friji ikaguna, ikatetemeka, ikanyamaza. Hanifu akarukia kuizima. Kisanduku kilitakiwa kusubiri dakika tatu kabla ya kurudisha umeme, ili mota ya friji ipumzike isiungue. Kumbe kikizimwa kwa nukta moja tu, kilisahau kusubiri.

"Nimeiua?" Emilia akauliza kwa hofu.

"Hujaiua. Umeniokoa." Akacheka, na kicheko chake chenyewe kikamshangaza.

Kosa hilo alilimaliza siku mbili baadaye. Chanjo mpya zikaletwa, kina mama wakaitwa tena, ingawa si wote waliorudi. Kisanduku kilivuka kiangazi kilichobaki bila kukosea.

Hanifu aliendelea kuja kila Alhamisi kupima. Alhamisi moja Emilia alipita na beseni, akamkuta kwenye benchi, mita imekwisha kutiwa mfukoni.

"Fundi, bado hujamaliza?"

"Bado kidogo," akasema, akasogea kumpisha mama aliyekuja na mtoto.