Mashine ya Kutekenya Njiti

Tamandani alikuwa mwaka wa tatu wa uhandisi tiba, pale Blantyre, alipoanza kutekenya watu kwa ajili ya sayansi.

Chanzo kilikuwa wodi ya watoto njiti. Mwalimu wake, Dokta Kumwenda, alimpeleka huko akatazame kazi ya wauguzi kabla ya kuchagua utafiti wa likizo. Akaona jambo lililomganda kichwani: njiti husahau kupumua. Anatulia tu, midomo inabadilika rangi, mpaka muuguzi amchezee unyayo kwa kidole, ndipo avute pumzi tena.

"Wakisahau wawili kwa pamoja?" alimuuliza Sista Nachisale, mkuu wa zamu.

"Nina mikono miwili. Wa tatu ndiye anayeninyima usingizi."

Basi Tamandani akahamia karakana ya chuo. Akashona mkanda laini wa kuvaa tumboni, wa kuhisi pumzi. Akauunganisha kwa waya na kisoksi chenye mota aliyoing'oa kwenye simu mbovu, ile inayoitetemesha simu. Pumzi ikikatika, kisoksi kinatekenya. Alikijaribu unyayoni mwake mpaka ikawa kuvaa kiatu tu kunamchekesha.

Kisha ikaja zamu ya Dokta Kumwenda, ambaye wanafunzi waliapa kwamba hana meno, maana hakuna aliyewahi kuyaona. Akavua kiatu, akafungwa mkanda, akabana pumzi kwa uso wa mtu aliye kanisani. Kisoksi kikanguruma. Dokta akapiga yowe, akarusha teke, stuli ikaenda kule na yeye huku, na karakana nzima ikaona kumbe meno yapo yote.

"Kinafanya kazi," alisema akiwa sakafuni, akijifuta machozi. "Ila punguza nguvu, binti. Mtoto hana wa kumwinua."

Akapunguza. Akajaribu kwa mwanasesere, akarekebisha, akajaribu tena, mpaka hospitali ikaridhika na kutoa kibali. Wa kwanza akawa mtoto wa Enelesi, mama wa mapacha, aliyekubali kwa sharti moja: "Mkimchekesha, na mimi niwepo."

Wakamvisha. Sista akasimama karibu, kidole tayari. Na mtoto akapumua. Akapumua asubuhi nzima, vizuri kabisa, kama anayewakomoa. Tamandani alijionea aibu. Mtu mzima amekaa anangoja mtoto wa watu akose pumzi.

Mara kifua kikatulia. Sista akanyoosha kidole, lakini kisoksi kikamtangulia: kikanguruma kidogo, mguu mdogo ukaruka, kifua kikapanda, na mtoto akalia kwa hasira ya mtu aliyeamshwa bila adabu.

"Amemtukana nani huyo?" Enelesi aliuliza, akicheka na kulia.

"Mhandisi," alijibu Sista.

Tamandani akashikwa na kicheko kisichozuilika. Ilibidi atoke nje ya wodi. Akampigia mama yake, aliyekuwa bado anamwombea ahamie udaktari.

"Mama, amepumua."

"Nani? Ulikuwa umefanya nini?"

Akamweleza, akikatizwa na kicheko chake mwenyewe.

"Yaani nimekusomesha ukatekenye watoto?"

"Ndiyo, Mama. Ile kazi ya Johannesburg niliyokuwa naiota, ya kutengeneza mashine za matajiri, siitaki tena. Nikimaliza nasoma zaidi, halafu nafungua karakana hapahapa, ya vifaa vya watoto wachanga tu. Vya kupumua, vya joto, vya kutibu ugonjwa wa manjano, vyote."

Mama akaanza kucheka taratibu, kile kicheko chake cha kuguna. "Haya, mwanangu. Lakini majirani nitawaambia wewe ni mhandisi. Hilo la kutekenya libaki letu sisi wawili."

Alipogeuka, Sista Nachisale alikuwa mlangoni, mkono kiunoni.

"Wewe, mapacha ni wawili. Huyu wa pili nimwambie nini?"

Tamandani akakimbilia karakana, sindano ya kushonea ikiwa bado imechomekwa kwenye ukosi wa blauzi.