Alama ya Theluji

Zuurakan alikandamiza ukucha wa kidole gumba kwenye tairi, akauondoa, akainama kutazama. Ukucha haukuacha kitu. Tairi lilikuwa jeusi tititi, limepakwa mafuta likang'aa, lakini lilikuwa gumu kama kwato.

"Limekufa hili," alisema.

"Limekufa wapi, dada yangu!" Tilek, mwenye kontena la matairi, alilipigapiga kofi kama anayemsifu farasi. "La Kijapani hili. Hebu ona mifereji ilivyo na kina. Na alama hii hapa, ya tairi la baridi." Akaonyesha ubavuni: mlima mdogo wenye vilele vitatu, na chembe ya theluji katikati yake. "Yako manne, sawasawa kabisa, na bei ya kindugu."

"Mifereji umeichonga upya kwa kisu cha moto. Na namba za mwaka umezikwangua."

"Ala! Wewe ni mpishi wa shule au mpelelezi?"

Alikuwa mpishi wa shule, lakini marehemu babaye aliendesha trekta la shamba la serikali miaka ishirini na sita, na alimfundisha mapema: tairi la baridi sharti liwe laini kama unga uliokandwa ukapumzika. Likiwa gumu, juu ya barafu ni sahani tu.

Tangu theluji ya kwanza ianguke Jumapili, bei za matairi zilikuwa zimepanda maradufu, utadhani yalikuwa yakilishwa majani. Zuurakan alikuwa ameuza kondoo wawili. Kondoo wawili wa mwaka huu walitosha kununua matairi mawili laini, au yale manne yaliyokufa.

Alimtazama mumewe ndani ya gari lao dogo la buluu. Asanaly alikaa kiti cha kushoto, upande usio na usukani, mkono wake wa sindano umefungwa ngozi ya kondoo. Mara mbili kwa wiki walivuka mlima wa Kara-Bel kwenda hospitali ya mkoa kusafishiwa damu, kwa kuwa upande wao hapakuwa na mashine. Nafasi yake ilikuwa saa nane kamili. Akichelewa, kitanda anapewa mwingine, naye anarudi nyumbani na maji yake mwilini. Oktoba alikosa mara mbili mfululizo, akawa hawezi kulala chali bila kukabwa na pumzi. Mara ya tatu Zuurakan hakutaka hata kuiwaza.

"Nipe yale mawili laini," alisema. "Na rimu zake. Za chuma."

"Chukua hizi za aluminiamu bwana, ung'are! Za chuma zinatia aibu."

"Hizo zikigonga jiwe zinapasuka. Za chuma zikipinda nitazinyoosha kwa nyundo. Na tairi likiwa tayari ndani ya rimu, nalibadili mwenyewe popote, bila kumbembeleza mtu."

Tilek alileta jeki, akaenda nayo mbele ya gari.

"Nyuma," alisema Zuurakan.

"Nyuma? Dada, gari hili linavutwa na magurudumu ya mbele! Kila mtu anafunga mazuri mbele."

"Kila mtu ananiudhi. Funga nyuma."

Hakumweleza sababu. Machi iliyopita, na matairi mazuri mbele kama kila mtu, walikuwa wakishuka Kara-Bel pale makalio ya gari yalipoteleza, yakazunguka taratibu bila kelele, mpaka wakajikuta wametazama walikotoka. Kati ya gurudumu la nyuma na korongo palibaki upana wa mkeka. Tangu siku hiyo alitaka makalio ya gari ndiyo yashike kwanza.

Saa nne na nusu walifika kwenye kizuizi cha polisi, chini ya mlima. Sajini mwenye mashavu mekundu alilizunguka gari huku akitafuna mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye theluji.

"Mawili, mama. Sheria inataka manne."

"Afande, yaguse basi. Ni laini, mapya. Mume wangu ana miadi hospitali, karatasi hii hapa."

"Mimi sikuajiriwa kugusa. Nimeajiriwa kuona alama, na nimeona mbili." Hakuitazama karatasi. Kwa kidevu alionyesha kontena la kijani, hatua ishirini tu kutoka pale. "Nenda kwa shemeji yangu, atakukodisha. Unaacha kitambulisho, jioni ukirudi unachukua."

Hakuona hata haja ya kunong'ona.

Shemeji alikuwa na matairi mengi, yote yana alama, yote yanang'aa. Zuurakan alipita akiyabonyeza moja baada ya jingine. Ukucha ulianza kumuuma.

"Unachagua tikiti maji, dada?" Kijana mmoja mwenye gari dogo jeupe, la aina moja na la Zuurakan, alikuwa akifungiwa matairi ya kukodi huku anacheka. Aliitwa Kubat, alipeleka magunia ya unga kwenye harusi ya dada yake, na alilieleza hilo kwa kila aliyekuwa tayari kusikia. "Woga mwingi utakuchelewesha!"

"Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, mdogo wangu. Wewe yaguse kwanza hayo."

"Sajini ameshayapitisha, niguse nini tena?" Akapiga honi mbili, akapanda mlima.

Zuurakan alitoa kitambulisho. Shemeji hakukodisha chini ya manne, na alikataza kuyafungua njiani; walimfungia manne magumu, akataka yale mawili laini yabaki kontenani pamoja na yake mawili ya kiangazi yaliyokuwa mbele.

"Haya naondoka nayo."

"Ya nini? Kiti chote cha nyuma kitajaa."

"Nitayalalia," alisema, akayapakia mwenyewe.

Walipanda kwa gia ya pili. Gari liliteleza mara tatu, na mara zote tatu Asanaly alishika mpini wa mlango. Juu kabisa, pale barabara inapoanza kuinama, Zuurakan alisimama akawasha taa za tahadhari. Aliogopa mteremko, aliogopa saa, na zaidi alimwogopa yule sajini asije akapanda akawakuta.

Alitoa jeki. Asanaly akafungua mlango.

"Kaa ndani! Kichomi kikikuua, mashine itasafisha damu ya nani?"

"Nipe nati, basi. Zisipotee kwenye theluji."

Alimpa. Asanaly alizitia kwapani, nati nane, akawa anamrudishia mojamoja zikiwa na joto. Upepo ulimkata Zuurakan vidole hadi asivihisi. Yale laini yakarudi nyuma ya gari, magumu mawili yakaingia kitini.

"Tukirudi?" Asanaly aliuliza.

"Tutayabadili tena, kabla ya kizuizi."

"Na Jumatatu?"

"Na Jumatatu."

"Mpaka Aprili?"

Alitia gia ya kwanza, wakaanza kushuka.

Kona ya kwanza magurudumu ya mbele yaliteleza kidogo, lakini makalio yalishika. Kona ya pili akaona unga. Ulikuwa umemwagika barabarani hadi kwenye mawe, mweupe usio weupe wa theluji, na mwisho wake gari dogo jeupe lilikuwa limelala chali, magurudumu manne juu. Kubat alikaa kando yake bila kofia, damu ikimtiririka sikioni, amekumbatia kiatu kimoja.

Zuurakan alimfunga kichwa kwa kitambaa chake. Kijana alimtazama kama mtoto aliyeadhibiwa bila kosa.

"Alama nilikuwa nayo, dada," alisema. "Kwenye yote manne. Sajini mwenyewe aliyatazama."

"Najua. Simama, nishike bega."

Kiti cha nyuma hakikuwa na nafasi. Zuurakan alitoa yale matairi mawili ya kukodi, akayavingirisha hadi mwanzoni mwa kona.

"Kitambulisho chako kiko kule," Asanaly alimwita kwa woga. "Watakudai."

"Najua kiliko."

Aliyasimamisha kando ya barabara, akayaegemeza kwa mawe, ule ubavu wenye mlima na chembe ya theluji ukiwaelekea wanaoshuka. Kila dereva angeyaona kabla ya kuiona kona.

"Walau leo yafanye kazi," alisema. Kisha akamwingiza Kubat garini, akatia gia ya kwanza.