Adhana Kabla ya Magharibi

Ramadhani ya mwaka 2004 niliandika programu ya Python ya kuonesha nyakati za sala. Kila ikianza, dirisha hutokea kwenye skrini na adhana husikika, nijue spika ni nzima.

Jioni moja, kama nusu saa kabla ya magharibi, mawingu ya vuli yametia kiza, Qais, mwenzangu wa ofisini, aliliita faili langu kutoka kwenye programu yake. Alitaka hesabu za nyakati tu. Dirisha likafunguka, adhana ikapaa. Chumba cha pili Bi Amne, karani wetu, akasema bismillahi, akatia tende mdomoni.

"Qais! Umefanya nini?" nilimfokea.

"Nimeazima hesabu tu, Asila. Dirisha nani kaliambia lifunguke?"

Nikalitazama faili. Amri ya kufungua dirisha niliiacha chini kabisa bila sharti, kwa hiyo yeyote akiliita faili, nayo inatekelezwa. Nikaandika sharti: dirisha lifunguke pale tu faili hili lenyewe linapoanzishwa.

Bi Amne alikuwa anasukutua. "Nshakula, mwanangu. Ntailipa."

Aliilipa baada ya Idi. Siku hiyo nilifunga naye. Qais nilimwambia ale.