Vikanda Viwili Ndani ya Kopo

Kiwandani walimwita Katiba, kwa kuwa hakuna kosa la bosi lililopita mbele yake bila kutafutiwa kifungu. Kwa miaka kumi na tisa alisimama kwenye kinu akichanganya unga mweupe wa plastiki, chokaa na mafuta. Upande wa pili wa mashine ikatoka mipira ya gesi, maganda ya waya za umeme na ngozi bandia za viti. Shule aliiacha darasa la sita. Plastiki aliisomea puani na vidoleni.

"Unga peke yake ukiuyeyusha unapata bomba gumu," aliwaambia wageni wa kazi. "Kinachoulainisha ni mafuta. Na mafuta humo ndani ni mpangaji, hajafunga ndoa na mtu. Joto likizidi, anafungasha virago."

Walikuwa na desturi yao. Kila mchanganyiko mpya ulikatwa kikanda, kikakunjwa kwenye kidole gumba, kisha kikatundikwa ukutani, kila kimoja na msumari wake. Katiba mwenyewe ndiye aliyekuwa mkali wa misumari: kikanda kisiguse kingine.

Kisha yakaletwa mapipa yasiyo na nembo. Mafuta mepesi, ya bei ya kutupa. Mpira uliotengenezwa nayo ulikunjika vizuri siku ya kwanza, ukamfurahisha kila mnunuzi. Baada ya miezi, vikanda vyake vya ukutani vilitoa jasho la kunata, vikakauka, vikapasuka penye mkunjo. Mipira yenyewe wakati huo ilikuwa imeshafungwa kwenye majiko ya watu, watu wenye watoto, watu ambao hakuna meneja aliyewahi kuwauliza hali. Katiba alisema. Alisema ofisini, alisema langoni, alisema mpaka msalani. Wakamfukuza kwa "lugha chafu", wakang'oa misumari, wakapaka ukuta rangi. Siku anatoka alikuwa na vikanda viwili ndani ya soksi: kimoja cha mafuta ya zamani, kimoja cha mafuta ya mapipa, kilichotundikwa asubuhi ile ile na bado laini kama mwenzake.

Miaka tisa alipigania kesi yake, na miaka tisa watu walipungua. Wenzake wa kinu walianza kumsalimia kwa mbali, mkono juu, miguu ikiendelea na safari. Mkewe alikwenda kwa dada yake kupumzisha masikio, akayapumzisha moja kwa moja. Sasa ofisi ya kazi ilikuwa imemwita, Alhamisi, saa tatu, aje na shahidi. Aliyebaki alikuwa mmoja tu: Mama Mizani, aliyekuwa akipima kila kilo iliyoingia kinuni.

Alikuja Jumatano mchana. Katiba alikuwa amefagia mara mbili.

"Karibu, dada. Kalia kiti hiki, kile kinachana nguo."

"Hujanunua kingine tu?"

"Nilikuwa nasubiri wageni wafike wawili."

Akacheka kidogo, akakaa. "Umekonda, Katiba. Mimi jicho langu halihitaji mizani."

"Hasira hazinenepeshi."

"Sikiliza, kaka. Nina mume kitandani, na pensheni yangu inatoka kwa wale wale. Nikisimama na wewe kesho, nasimama kwa kitu nilichokishika kwa mkono wangu. Nipe vikanda."

Katiba akalitoa kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani, kwenye kitambaa, vikanda vilikuwa vimelazwa uso kwa uso na kufungwa kwa uzi, visije vikapotea. Alipovitenganisha vilitoa mlio wa plasta ikibanduliwa kwenye ngozi. Mama Mizani akageukia dirishani, akanyoosha mikono nyuma ili Katiba amwekee vikanda bila yeye kuviona. Akakikunja cha kwanza, akakikunja cha pili. Akarudia.

"Kipi cha zamani?" akauliza.

"Si uniambie wewe."

"Vyote vigumu kiasi, vyote laini kiasi. Ni kitu kimoja." Akageuka. "Uliviweka hivi tangu lini?"

"Tangu siku ile."

"Vimelaliana? Wewe, mtu wa misumari?"

Katiba alijua kabla hajamaliza kuulizwa. Plastiki yenye mafuta ikilala na yenye njaa, huigawia. Kila siku aliyokuwa akiandika barua, kikanda kizuri kilikuwa kikimlisha mwizi kimyakimya, gizani, mpaka wakafanana. Ukutani visingegusana. Lakini ukutani mtu huonwa na wenzake, nao humwambia. Humu ndani nani angemwambia?

"Mapipa uliyaona, dada."

"Niliyaona. Nikapima. Kilo zilikuwa zile zile. Siwezi kuapa kwa kidole kisichojua."

Akasimama, na Katiba akayaona mabega yake yakishuka, kama ya mtu aliyetua ndoo. Matusi Katiba alikuwa nayo, ya miaka tisa, yamepangwa. Hakutoa hata moja.

"Kaa kidogo. Chai inachemka."

"Mgonjwa yuko peke yake, kaka."

"Dakika tano."

"Siku nyingine," akasema, akauvuta mlango taratibu, kwa adabu, jambo lililomuuma zaidi.

Alhamisi saa tatu afisa kazi alifungua jalada. Upande wa pili wa meza, wakili wa kiwanda alikuwa akibofya simu.

"Shahidi wako yuko wapi, mzee?"

"Hakuja."

"Na ushahidi?"

Akaweka vikanda mezani, kimoja huku, kingine kule. Afisa akavikunja, akamtazama. "Mbona havina tofauti?"

"Niliviharibu mimi. Andika hivyo kwanza, mwanangu, kwa maneno yangu, kabla huyu hajapewa nafasi ya kuyasema kwa maneno yake. Halafu nikueleze vimeharibikaje, maana ni hivyo hivyo inavyoharibika mipira ya jikoni kwako."

Wakili akaweka simu chini. Afisa akashika kalamu, akasubiri, na Katiba akaanza na mafuta.